Sura ya Saba: Memori ya Namba Tatu

Neno lenyewe lilikuwa moja tu, limepigwa katikati ya karatasi kwa herufi kubwa: HAISOMEKI. Chini yake koplo alikuwa ameweka sahihi yake ya mbwembwe na tarehe ya jana.

Inspekta aliisoma karatasi mara mbili. Kituoni walimwita Bibi Taratibu, wachache mbele yake na wengi nyuma ya kisogo chake, kwa sababu katika miaka yake yote ya kazi hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Leo saa ya ukutani ilikuwa imefika saa tatu asubuhi. Saa nane mchana faili la dereva wa lori Namba Tatu lilikuwa linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na mkuu wa kituo alikwisha kusema kwamba hataki kuliona tena mezani kwake.

Faili halikuwa nene. Mlinzi wa geti katika yadi ya malori, mzee wa miaka sabini na mmoja, alikutwa amekufa juzi alfajiri kwenye nguzo ya geti. Dereva wa Namba Tatu ndiye aliyekuwa naye. Viatu vyake vilikuwa na damu, alama za vidole vyake zilikuwa kwenye usukani, na lori alikuwa amelirudisha nyuma kabla polisi hawajafika. Mstari wa saba ulikuwa mbaya kuliko yote: *Shahidi, mwenye yadi, alimwona mtuhumiwa akifukia kitu chini kwa mguu, mbele ya nguzo. Alipoulizwa ni nini, mtuhumiwa alikataa kusema.*

"Koplo," aliita. "Hebu nieleze tena habari ya hii memori, kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu."

Koplo alikuwa ndiye mwenye kozi ya kompyuta pale kituoni, na hakuwa mtu wa kuificha. Akavuta kiti.

"Ile kamera ya kwenye kioo cha lori, Afande, inawaka ukiwasha ufunguo, na ukizima inazimika. Inarekodi vipande vya dakika tatu tatu. Kadi ikijaa, inarudi mwanzo na kuandika juu ya vile vya zamani. Gari likigonga au kugongwa, kile kipande kinajifungia kwenye folda la ajali, hakifutwi."

"Na humo kwenye folda la ajali?"

"Tupu. Hata jina la faili hakuna."

"Kwingine?"

"Majina yapo mengi, ila ukifungua ni hewa. Memori feki hiyo. Imeandikwa giga mia na ishirini na nane, lakini kompyuta inaikataa. Nilifungua matano ya mwisho, nikafungua matano ya katikati. Hewa, hewa, hewa. Nikaandika ripoti nikaenda kula."

"Tajiri, mwenye yadi, alituambia malori yake yote yana kadi za giga kumi na sita."

Koplo akakuna kidevu. "Basi dereva aliibadilisha, Afande, akaweka mbovu makusudi. Hapo amejimaliza mwenyewe."

Inspekta alisimama. Aliichukua kadi ndani ya bahasha yake ya plastiki. Kitu chenyewe kilikuwa kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho.

Kwenye ukumbi alimkuta mke wa dereva amesimama na kontena la chakula mikononi. Sajenti wa kaunta alikuwa akimwambia bila kuinua macho, "Subiri. Wauaji wanakula zamu ya mwisho." Mama mfagizi, aliyekuwa akipiga deki, aliimwaga ndoo yake nje, akaigeuza kichwa chini, akaipangusa kwa kanga yake na kumsogezea yule mwanamke akae. Kisha akaendelea na kazi. Inspekta alimtazama sajenti mpaka sajenti akainuka mwenyewe kwenda kufungua mlango wa mahabusu.

Dereva alikuwa mtu mrefu wa miaka arobaini hivi. Walikuwa wamemnyang'anya mkanda, na suruali aliishika kwa mkono mmoja.

"Memori ile uliiweka wewe?"

"Mimi, Afande. Jumanne jioni, nikishaegesha. Mzee ndiye aliyenipa."

"Mzee yupi?"

"Mlinzi. Marehemu. Jumamosi iliyopita Tajiri alinizaba kofi mbele ya wenzangu, kwamba nimevunja kioo cha pembeni. Nikamwambia tuangalie kamera. Akacheka. Alijua kadi zake zinajifuta kila masaa mawili. Kioo alikivunja yeye mwenyewe alipokuwa anatoka na gari lake dogo, na Mzee alimwona. Jumanne Mzee akaja na kadi mpya, akaniambia, 'Mwanangu, weka hii, siku nyingine isikusahau.' Nikaichomeka mbele yake, nikawasha ufunguo tuone kama inakubali. Ikakubali. Alifurahi kama kapewa yeye. Nikazima, nikarudisha funguo ofisini, nikaenda nyumbani."

"Na Jumatano?"

"Nilifika saa kumi na mbili kasorobo. Lori lilikuwa limezimwa, lipo getini, na Mzee yuko mbele yake, amebanwa. Funguo zilikuwa humo humo. Ningefanya nini? Nilipanda nikaliwasha, nikarudisha nyuma ili nimtoe. Niliruka nikaacha mlango wazi, sikuzima. Nikamlaza, nikamfunika kwa koti langu. Kama dakika arobaini baadaye Tajiri akaingia, na neno lake la kwanza lilikuwa, 'Umemuua baba yangu.'"

"Baba yake?"

"Baba yake mdogo, Afande. Yadi ile waliianzisha Mzee na kaka yake. Kaka mtu alipofariki, Tajiri akamtoa Mzee ofisini akampeleka getini. Alisema anamchafulia viti. Lakini hati ya kiwanja ilibaki na jina la Mzee, na Mzee hataki kuuza. Hana mtoto. Akiondoka yeye, anayebaki ni Tajiri."

Inspekta aliandika polepole. Kisha akauliza lile la mstari wa saba.

"Ulikuwa unafukia nini kwa mguu?"

Dereva aliinamisha kichwa. Mkono ulioshika suruali ulikaza.

"Nakuuliza kwa faida yako. Saa nane faili hili linaondoka."

"Hilo sisemi, Afande. Niandikie lolote."

"Ni damu? Ni kitu chako?"

Inspekta akasubiri, na kusubiri alikujua. Lakini safari hii hakikutoka kitu.

*

Yadi ilikuwa na ukuta mrefu, malori sita na ofisi ndogo yenye mlango wa kioo. Tajiri aliwapokea kwenye ngazi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mnene, na leo alivaa kitambaa cheusi mkononi.

"Karibuni, karibuni! Leteni viti hapa! Mama Inspekta, nikuletee chai? Juzi niliona ulivyoipenda."

Ni kweli. Juzi alikuwa amewaletea polisi viti na chupa mbili kubwa za chai, akawamiminia mwenyewe, na Inspekta akasema moyoni kwamba huyu amefiwa na bado anawakumbuka wageni. Walikunywa wakisubiri gari la kuchukua maiti, na nyuma yao Namba Tatu lilikuwa linanguruma tu. Koplo alipotaka kulizima, Tajiri alimzuia. Betri mbovu, alisema, likizimwa halitawaka, nalo litahitajika kusogezwa. Likaachwa mpaka saa tatu na nusu, kadi ilipochomolewa.

"Leo sinywi," Inspekta alisema. "Koplo, washa Namba Tatu."

Lori lilikuwa limelala siku mbili bila kuguswa. Koplo alizungusha ufunguo mara moja tu, likawaka.

"Betri imepona," alisema Inspekta.

Tajiri akacheka. "Magari haya, Mama, yana tabia kama wanawake. Leo anakataa, kesho anakubali."

"Kamera ulifunga wewe?"

"Kwa sababu ya hawa mbwa wanaoniendeshea. Bila kamera wangenila mpaka mifupa."

"Na memori ulizichaguaje?"

"Kuchagua memori kunataka nini? Kadi ni kadi. Niliingia dukani, nikachukua sita, nikatoka. Dakika mbili."

Inspekta aliandika *dakika mbili*. Kisha akamwomba koplo apande Namba Nne na kulisogeza mpaka gurudumu la mbele liguse tofali lililokuwa karibu na ukuta. Lori likatambaa, likagusa. Kamera ya kwenye kioo ikalia *pip* na taa yake ikageuka ya njano.

"Imejifungia kipande, Afande," koplo alisema dirishani. "Ndiyo kawaida yake."

"Kwa tofali tu?"

"Kwa tofali tu."

Kwenye kadi ya Namba Tatu folda la ajali lilikuwa tupu. Mtu mzima alikuwa amebanwa kwenye nguzo ya chuma, na kamera inayolia kwa tofali haikulia. Aliyekuwa kwenye usukani hakugonga. Alisogea polepole, akagusa, akaendelea kusukuma.

Inspekta alielekea kwenye kibanda cha mlinzi. Hakikuwa na nafasi ya kunyoosha miguu. Kulikuwa na stuli, sufuria ndogo, redio iliyofungwa waya, na kwenye rafu miwani yenye kijiti kimoja cha uzi. Chini ya miwani kulikuwa na karatasi ngumu ya kufungia memori, imekatwa kwa mkasi bila kuchanika na kukunjwa vizuri, kama mtu anayetunza cheti. Muhuri wa duka ulikuwa nyuma, na tarehe ya Jumatatu. Kwa penseli, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, kuliandikwa: *Namba Tatu. Masaa 16.*

"Unakusanya takataka, Mama?" Tajiri alisema nyuma yake. "Chukua zote. Nakichoma kibanda Jumatatu."

"Hata arobaini haijafika."

"Aliyekufa anajua arobaini?"

*

Duka lilikuwa la vifaa vya simu, jembamba kama korido, na mwenye duka alikuwa kijana mcheshi mwenye pete tatu. Inspekta alikuwa amevaa kiraia. Akaegemea kaunta ya kioo kama mteja yeyote.

"Mwanangu, nataka memori ya kamera ya gari. Nichagulie."

"Bibi, umekuja kwa mwenyewe! Hizi za simu usiguse. Gari linapigwa jua, na kamera inaandika kutwa nzima, inafuta inaandika, inafuta inaandika. Ya simu inaungua mwezi mmoja. Chukua hizi za kazi ngumu. Sasa wewe unataka ikukumbukie muda gani? Giga kumi na sita ni masaa mawili. Thelathini na mbili, manne. Sitini na nne, manane. Mia na ishirini na nane, masaa kumi na sita, unaenda safari unarudi, bado inakumbuka ulipotoka."

"Na za kumi na sita nani ananunua?"

"Hakuna! Zilinilalia hapa mwaka mzima. Mwezi uliopita ndiyo nikabahatika, jamaa mmoja mwenye malori akachukua sita kwa mpigo. Mtu wa ajabu yule. Alisimama hapo hapo ulipo wewe zaidi ya nusu saa, ananihoji. Kila mteja anauliza ipi inakaa na mambo muda mrefu. Yule peke yake aliniuliza ipi inasahau haraka. Halafu akataka nimhakikishie: gari likiwa limesimama lakini injini inawaka, inaendelea kufuta? Nikamwambia inafuta vilevile."

Inspekta alitoa kwanza kitambulisho chake, kisha ile karatasi iliyokunjwa. Aliviweka juu ya kioo kimoja kimoja.

Pete tatu zikaacha kucheza.

"Hii uliuza Jumatatu," Inspekta alisema. "Kwa mzee mwenye miwani ya uzi."

"Wateja ni wengi, Mama…"

"Huyo mzee amekufa. Kuna mtu yuko ndani kwa ajili yake, na kadi yako ndiyo shahidi. Wewe mwenyewe nitakushughulikia baadaye. Sasa hivi nataka ukweli tu."

Kijana akatazama mlangoni, akatazama droo ya chini kabisa.

"Alikaa sana," alisema. "Alivaa miwani akasoma kila kadi mbele na nyuma. Aliuliza ipi haiungui kwa jua. Aliuliza masaa, akaandika kwa penseli. Akasema hajui mambo haya lakini ni zawadi, anataka iliyo bora. Mimi nikaona… Mzee kama yule atajuaje? Akishachagua, nikainama kama nafunga, nikampa ya droo ya chini."

"Feki."

"Ndiyo, Mama."

"Alisema nini alipoipokea?"

Kijana alijipangusa pua. "Alinishukuru. Alisema nimemvumilia kwa maswali yake, na kwamba mama yangu alizaa."

Inspekta alimwacha akae na maneno hayo kidogo. Kisha akauliza swali lililomtoa kituoni.

"Kadi feki inafanyaje kazi? Nieleze polepole."

"Imeandikwa mia na ishirini na nane, lakini tumboni ina giga nane tu. Kama lisaa limoja. Kamera haijui. Zile nane za mwanzo inaandika sawasawa kabisa. Zikiisha, inaendelea kujidai. Majina ya mafaili yanajiorodhesha, ndani hakuna kitu, inaandika hewani."

"Na zile za mwanzo? Zinafutwa?"

"Zifutwe na nini? Kamera inafikiri bado kuna nafasi ya masaa kumi na tano mbele. Za mwanzo zinabaki pale pale, Mama. Hazigusiki."

Inspekta akaangalia saa yake. Saa sita na robo. Koplo, aliyekuwa anamsubiri nje kwenye gari, alisimulia baadaye kwamba siku hiyo alimwona Bibi Taratibu anakimbia.

*

"Fungua la kwanza," alisema.

"Afande, nilishafungua…"

"Ulifungua ya mwisho na ya katikati. Fungua la kwanza."

Koplo alibofya. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi, kisha yadi ikatokea, jua la jioni, na kwenye ukingo uso wa mzee mwenye miwani ya uzi, anachungulia kamera kwa karibu na kucheka. Sauti ya dereva ilisikika ikisema imekubali. Kipande kikakatika.

La pili lilianza na giza na taa za lori. Tarehe ya Jumatano, saa kumi na moja kasoro dakika nane alfajiri.

Walitazama vipande vinne. Koplo alianza akiwa amekaa, akamaliza akiwa amesimama mgongo ukutani. Kisha Inspekta akamwambia aendelee mpaka lile la mwisho linalofunguka, wakaliona nalo.

"Nilienda kula," koplo alisema. "Haya yote yalikuwa humu, mimi nikaenda kula."

"Andika ripoti nyingine," Inspekta alimwambia. "Na jifunze kuanzia mwanzo."

Saa nane kasorobo Tajiri aliingia kituoni na chupa ya chai kwapani. Alikuwa amekuja kumwona muuaji akitolewa. Kwenye ukumbi alimpita mke wa dereva, aliyekuwa bado juu ya ile ndoo.

"Wewe bado upo? Zoea. Utakuja na vikontena hivyo mpaka meno yakutoke. Na ile nyumba ya yadi mnayokaa, Jumapili iwe tupu."

Inspekta alifungua mlango wa ofisi yake na kusema kwa upole kabisa, "Pita ndani, Tajiri. Kaa."

Alikaa. Chupa aliiweka mezani. Koplo alifunga mlango, akabaki mbele yake.

"Ulichukua dakika ngapi kuchagua zile memori?"

"Bado tuko huko? Nilishakwambia. Mbili."

"Mwenye duka anasema zaidi ya nusu saa. Na anakumbuka ulichouliza."

Tajiri alitabasamu. "Muuza chaja. Ndiye shahidi wako?"

"Hapana. Nilikuwa nataka kukueleza nilichoelewa, unisahihishe. Ungeichomoa kadi, tungeuliza nani kaichomoa. Lakini kadi iliyojifuta yenyewe hakuna anayeiuliza. Ulichohitaji ni masaa mawili ya injini kuwaka. Dereva wako alikusaidia kuiwasha kwa huruma yake, na sisi tukakusaidia kwa kunywa chai."

"Maneno matupu, Mama. Kadi mnayo. Isomeni."

"Ndiyo tunaisoma," alisema Inspekta, akaigeuza kompyuta.

Taa za lori ziliangaza geti. Mzee alitokea kibandani akiwa amejifunga shuka mabegani, mkono juu ya macho.

"Nani?" Sauti yake iliingia kwa dirisha lililo wazi. "Aa, ni wewe, mwanangu. Mbona mapema hivi? Umekunywa chochote?"

"Geti linagoma, Baba mdogo." Sauti hii ilitoka ndani ya lori, karibu na kamera. "Kuna jiwe hapo chini ya nguzo. Hebu lipige teke, mimi nasogea."

"Haya. Taratibu, lakini."

"Taratibu, Baba mdogo."

Na kweli alikwenda taratibu. Kofia ya mzee ilisogea mbele ya kioo, ikageuka. Mikono miwili ikawekwa juu ya bodi ya lori, kama ya mtu anayemzuia ng'ombe aliyemzoea. Hakukuwa na kishindo. Kamera haikulia.

"Rudi nyuma, mwanangu," mzee alisema. "Niko hapa. Hujaniona."

Injini iliendelea kwa sauti ile ile.

"Rudi nyuma kidogo. Mwanangu. Hujaniona, niko hapa mbele."

Kipande cha dakika tatu kiliisha, kikaanza kingine. Alikuwa bado anasema hivyo hivyo, kwa pumzi fupi zaidi, bila kutukana, kama mtu asiyetaka kumtia aibu mwenzake kwa kosa la bahati mbaya. Aliamini mpaka mwisho kwamba hajaonekana. Katika kipande cha nne hakukuwa na sauti yake, ila aliyekaa ndani ya lori alisikika akikohoa, akifungua dirisha zaidi, akingoja.

"Zima," alisema Tajiri.

"Kimebaki kimoja. Hiki ndicho cha mwisho kabla kadi haijaishiwa."

Kulikuwa kumepambazuka. Mbele, kwa mbali, mwili ulikuwa chini ya koti, na dereva amepiga magoti kando yake. Tajiri akaingia getini kwa mguu. Hakwenda kwenye koti. Alikuja moja kwa moja kwenye mlango wa lori uliokuwa wazi, akaingiza kichwa mpaka mbele ya kamera, akaikazia macho mpaka uso wake ukajaa kioo chote. Aliitazama ile taa nyekundu. Kisha akarudi nyuma, akapaza sauti: "Umemuua baba yangu! Na hiyo injini iache hivyo hivyo!"

Inspekta akairudisha picha nyuma, ikaganda kwenye uso huo huo.

Tajiri alipofungua mdomo, hakuuliza habari ya mzee wala ya mwanasheria.

"Kadi niliweka mimi," alisema. "Kumi na sita. Nilizichomeka zote sita kwa mkono wangu. Hiyo nani ameiweka?"

"Aliyeileta ni yule uliyemwambia apige jiwe teke," alisema Inspekta. "Naye alichagua kwa nusu saa, kama wewe."

Koplo alimfunga pingu. Chupa ya chai ilibaki mezani na Inspekta akamwita mama mfagizi akaimwage chooni.

*

Saa tisa dereva alitolewa. Alipewa mkanda wake, simu yake, na vitu vingine vya mfukoni. Mkewe alisimama kando yake amemshika mkono wa shati kwa vidole viwili, kama anaogopa kumshika wote. Sajenti wa kaunta alisukuma kitabu cha kusaini bila maneno.

"Ni Tajiri?" mwanamke aliuliza. "Kweli, Afande?"

"Ni yeye."

"Mzee alikuwa anatuletea watoto pipi kila Ijumaa." Akafuta macho. "Niambie basi. Alikufa palepale? Hakupata shida?"

Inspekta alikuwa na vipande vinne vya dakika tatu tatu ndani ya droo yake. Siku ya kesi vingechezwa mbele ya watu wote, na huyu mama angekuwa amekaa kwenye benchi. Lakini kesi ilikuwa bado mbali.

"Palepale, mama," alisema. "Hata hakujua."

Dereva aliinua macho kutoka kwenye kitabu. Alimtazama Inspekta kwa muda, kalamu imesimama.

"Palepale," alimwambia mkewe. "Si nilikwambia? Haya, kanisubiri nje, namalizia hapa."

Mkewe alipotoka, dereva alisaini. Inspekta alikuwa na faili mkononi, kalamu tayari kwenye mstari wa saba, ule uliokuwa bado haujajibiwa.

"Bado nahitaji kuandika kitu hapa," alisema.

Dereva alihakikisha mlango umefungwa.

"Yalikuwa mashimo mawili, Afande," alisema kwa sauti ya chini. "Ya visigino vyake. Yalikuwa marefu hivi." Alionyesha kwa mikono, akaishusha haraka. "Aliyachimba kwa kusukuma. Nilijua watu watakuja, watoto wangu wanapita pale wakienda shule. Sikutaka mtu ajue ilimchukua muda gani. Nikayafukia."

Inspekta aliufuta mstari wa saba kwa rula, mstari mmoja ulionyooka. Juu yake akaandika: *Mtuhumiwa alikuwa akisawazisha ardhi.* Akasaini pembeni, akamfungulia mlango mwenyewe.